Kufuli Tatu: Imani, Tabia na Shaka Katika Miaka Kumi Yetu

(Mazungumzo yaliyotolewa kwa niaba ya wanachama waanzilishi, siku ya maadhimisho)

Miaka kumi si mchezo. Mwaka 2015 tulipokutana mara ya kwanza chini ya mwembe, hapa hapa Morogoro, tulikuwa wanawake thelathini, na waliotuona walisema hatutafika hata mwisho wa mwaka. Leo tupo, sanduku lipo, na lile daftari la kwanza lenye doa la chai lipo hapa mezani. Anayetaka kuliangalia anakaribishwa.

Risala imeshasomwa. Hesabu za hisa na mikopo mmezisikia kutoka kwa mweka hazina wetu. Sisi waanzilishi tumepewa nafasi tuzungumze juu ya kitu ambacho hakimo ndani ya hesabu, nacho ni hiki: ni nini kinachomfanya mtu aamue anavyoamua? Kwa nini mmoja analipa deni, na mwenzake mwenye kipato kile kile anakimbia? Kwa nini mtu anaona kosa kwa macho yake mawili, kisha ananyosha mkono kuliunga mkono?

Tulikaa jioni tatu tukijadili tuseme nini. Tukaona kwamba tukianza kuhubiri mtasinzia, na chakula kinanukia. Basi tumekubaliana kusimulia jambo moja lililotupata sisi wenyewe mwaka wa tatu, jambo ambalo wengi wenu mnalijua nusu nusu. Leo tutalisema lote. Mama ambaye jambo hili linamhusu zaidi tulimwendea kumwomba ruhusa, naye amekaa pale mbele. Alitujibu hivi: "Semeni, mradi mseme yote, na yenu pia."

KUFULI TATU ZA NINI?

Ninyi mlioingia mwaka huu mmeona kwamba sanduku letu lina kufuli tatu, na kila ufunguo unakaa kwa mtu wake. Utaratibu huu hatukuubuni sisi. Asili yake ni Maradi, nchini Niger, ambako mwaka 1991 shirika la CARE lilianza kufanya kazi na wanawake wa vijijini waliokuwa tayari na michezo yao ya kupeana fedha, kama upatu wetu sisi. Mpango huo ukaitwa kwa Kihausa Mata Masu Dubara. Ukasambaa Afrika, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukafika kwetu Tanzania, ndipo tukapata hizi VICOBA zetu.

Sasa tujiulize. Wanawake wanaochota maji bomba moja, wanaoazimana chumvi, wanaopeleka watoto kliniki pamoja: kufuli tatu za nini? Siku mwezeshaji alipolileta sanduku tulicheka. Mmoja wetu akauliza, "Kwani sisi wezi?" Mwezeshaji akajibu, "Hapana, mama. Kufuli hizi hazikuwekwa kwa sababu ninyi ni wezi. Zimewekwa ili asipatikane mtu wa kuitwa mwizi."

Tulimpigia makofi. Kisha tukayasahau maneno yale kwa muda wa miaka miwili na nusu.

TABIA NJEMA ILIVYOTUPONZA

Mweka hazina wetu wa kwanza tulimchagua bila hata kupiga kura. Alikuwa mkubwa kwetu kwa umri, mcha Mungu, mtu ambaye ukimpa chenji iliyozidi anakufuata hadi kwako kuirudisha. Tulimwita Mama, na mpaka leo tunamwita hivyo. Tabia yake ndiyo iliyokuwa dhamana yetu. Tulisema, hata sanduku likikaa wazi nyumbani kwake, hakuna shilingi itakayopungua.

Na kweli, ilianza taratibu tu. Mtunza ufunguo wa kwanza alikwenda Kilosa kuuguza mzazi, akauacha ufunguo kwa Mama. Wa pili alikwenda shamba msimu wa mpunga, naye akauacha. Wa tatu hakuwa na safari yoyote. Lakini alipoona wenzake wameacha funguo, aliona aibu kubaki na wake, kama vile yeye peke yake ndiye asiyemwamini Mama. Naye akaupeleka. Funguo tatu zikafungwa kwenye pindo moja la kanga.

Baada ya hapo na kuhesabu kukafupishwa. Mwanzoni wahesabu wawili walihesabu noti kwa sauti, sote tukisikia. Ikafika wakati jua ni kali, watoto wanalia, mtu ana maharage jikoni, tukawa tunaambiana, "Mama ameshahesabu nyumbani, tuandike tu." Tukawa tunaandika tu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi daftari tulikuwa nalo, tena zuri, lenye mistari myekundu. Tulichokosa ni mtu wa kulilinganisha na kilichomo sandukuni.

SIKU YA MIKONO THELATHINI

Katikati ya mwaka 2017, siku ya mkutano, alisimama binti mmoja, mdogo kuliko sote, aliyekuwa akiuza barafu za ubuyu mlangoni kwake. Alikuwa na mtoto mgongoni. Akasema, "Shikamooni mama zangu. Samahani sana. Naomba leo tuhesabu."

Jamani, ule ukimya! Mmoja akaguna. Mwingine akasema, lakini kwa sauti ya kusikika, "Watoto wa siku hizi." Mama mwenyewe hakusema neno, alitazama chini. Mwenyekiti wetu wa wakati ule, kwa nia njema kabisa ya kulinda amani, akasema, "Basi tusigombane. Wanaomwamini Mama wanyoshe mikono."

Hebu lipimeni hilo swali. Binti aliuliza habari ya fedha. Sisi tukapigia kura utu wa mtu. Yeye aliomba noti zihesabiwe. Tukageuza ikawa ni kuchagua kati yake na Mama. Swali likiulizwa namna hiyo, nani atabaki na mkono chini?

Mikono ikanyoshwa, ishirini na tisa. Binti akatutazama, akatazama sanduku, halafu na yeye polepole akanyosha wake. Ikawa thelathini. Katibu akaandika, na maandishi yapo humu daftarini: "Wajumbe wote wameridhika."

Desemba ikafika, wakati wa mgawo. Kwa mujibu wa daftari zilitakiwa kuwemo Sh. 4,700,000. Tulihesabu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Zilikuwemo Sh. 4,060,000. Zimepungua shilingi laki sita na elfu arobaini. Wapo kati yetu waliokuwa wameahidi watoto sare za shule kwa fedha ile.

IMANI HUCHAGUA PA KUTAFUTA

Hapa ndipo tulipojifunza somo la imani. Fedha haipo, sawa. Lakini tulikwenda kuitafuta wapi? Kila mmoja aliitafuta pale imani yake ilipomwelekeza.

Kundi la kwanza lilisema ni chuma ulete. Mnacheka, lakini hakuna mfanyabiashara humu ambaye hajawahi kuambiwa kwamba kuna watu wanavuta fedha za wenzao kwa uchawi, unauza kutwa na jioni droo ni tupu. Tukaanza kuchangishana tumlete mganga. Bei yake ilikuwa Sh. 120,000, yaani tulitaka kuongeza hasara juu ya hasara. Mmoja wetu alikuwa ameshatia ndimu ndani ya sanduku.

Kundi la pili lilisema aliyeuliza ndiye anayejua. Eti kwa nini yule binti peke yake, miezi kabla, alijua kwamba kuna jambo? Maneno yakazunguka mtaani. Wateja wa barafu wakapungua. Binti akaacha kuja kwenye mikutano, na hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kumuuliza habari.

Kundi la tatu, na hili lilikuwa kubwa, halikusema kitu. Lilikuwa linasubiri.

Kumbukeni kwamba hakuna kundi lililosema tumuulize Mama. Tulikuwa tayari kuamini uchawi, tulikuwa tayari kumwangamiza mtoto wa watu, lakini kuuliza swali moja la kawaida kwa mtu tuliyemheshimu tuliona ni dhambi.

Siku ya nane Mama alituita mwenyewe. Akatandika mkeka, akaketi chini, akazitoa zile funguo akaziweka mbele yetu. Akasema, "Mganga asiitwe. Hakuna chuma ulete hapa. Fedha nilizitoa mimi."

Mtu alilia. Mama akaendelea, "Sikula hata senti. Nilikopesha. Walikuja kwangu usiku na shida. Mtoto ana degedege. Mume amekamatwa. Mwenye nyumba amefunga mlango. Wakaniomba nisiandike, kwa sababu ya aibu. Wengine wakarudisha, wengine bado. Nilidhani watarudisha kabla ya Desemba. Niliowapa wapo hapa, sitawataja."

Kukawa kimya kwa muda mrefu. Kisha mkono mmoja ukanyoshwa. Halafu mwingine. Mpaka mwisho ikawa mikono tisa.

Tulikuwa tisa, ndugu zetu. Tisa kati ya thelathini. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake aliyekwenda usiku ule. Na wote tisa, ile siku ya kura, tulikuwa tumenyosha mikono.

MKONO NI MMOJA, SABABU NI NYINGI

Baadaye tulikaa tukaulizana kwa ukweli: wewe siku ile ulinyosha mkono kwa nini? Majibu ndiyo haya. Wale tisa waliogopa hesabu itawaumbua. Wengine waliona si adabu kumhesabia mtu mzima. Wengine waliamini kabisa, bila wasiwasi. Wawili walikuwa na wasiwasi kama wa binti, lakini wakajiambia kwamba wenzao wakubwa hawawezi wote kukosea. Mmoja alikuwa anawahi kupika. Mwenyekiti aliyehesabu mikono aliona kitu kimoja tu: tumekubaliana. Kumbe hatukukubaliana hata kidogo. Tulifanana mikono tu.

Mtoto wa mwenzetu mmoja, ambaye siku hizi ni mwalimu, alitusimulia jambo lililotufungua macho. Alisema kwamba Marekani, kuanzia mwaka 1951, mtaalamu mmoja wa saikolojia aitwaye Solomon Asch alifanya majaribio na wanafunzi wa vyuo. Aliwaonyesha mstari mmoja, kisha mistari mitatu, akiwauliza upi unalingana na ule wa kwanza. Jibu lilikuwa wazi, mtoto wa chekechea angeliweza. Lakini katika kila kikundi, mwanafunzi wa kweli alikuwa mmoja tu. Waliobaki walikuwa wamepangwa na Asch watoe jibu la uongo, tena kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, na huyu mmoja akijibu karibu na mwisho.

Matokeo yake? Mtu akijibu peke yake, karibu hakosei kabisa. Akiwa kati ya wenzake waliokubaliana uongo, kiasi cha theluthi moja ya majibu yalifuata uongo ule. Na kati ya kila watu wanne, kama watatu hivi walifuata angalau mara moja. Walipoulizwa baadaye, wengine walisema waliona ukweli ila hawakutaka kuonekana tofauti. Wengine walisema walianza kuyatilia shaka macho yao wenyewe.

Lakini lililotugusa sisi ni hili la mwisho. Asch alipoweka mtu mmoja tu wa kutoa jibu sahihi pamoja na yule mwanafunzi, makosa yalipungua sana, yakabaki kama robo ya yalivyokuwa. Mtu mmoja tu!

Yule binti wetu hakuhitaji watu kumi na sita wa kumshindia kura. Alihitaji mama mmoja aseme, "Hata mimi naomba tuhesabu." Basi. Na humu ndani wapo wawili waliokuwa na maneno hayo mdomoni, wakayameza.

SHAKA SI DHAMBI

Ilitubidi pia tusemezane kuhusu dini, maana kikundi chetu kina Waislamu na Wakristo, na pande zote walikuwepo walioamini kwamba kuwa na shaka ni upungufu wa imani. Tukawaendea viongozi wetu, nao wapo hapa leo watatusahihisha tukikosea.

Shehe alitukumbusha kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qurani, ya 282 ya Surat al-Baqara, inahusu nini? Inahusu deni! Liandikwe na mashahidi wawepo. Akatukumbusha pia yale mafundisho ya kumfunga ngamia kwanza, ndipo umtegemee Mungu. Mchungaji naye akatukumbusha habari za Tomaso, aliyetaka kuona makovu kabla ya kuamini. Akatuuliza, "Je, alifukuzwa? Alionyeshwa makovu." Mama mmoja hapo akasema, "Kumbe tulimfukuza Tomaso wetu." Wote tukanyamaza.

Tumefika kuamini kwamba shaka zipo za namna mbili. Ipo shaka inayosemwa mbele ya watu, mchana, na hiyo ni kama kufuli: inamlinda mwenye mali na inamlinda mtunza mali. Na ipo shaka inayofichwa. Hiyo haifi, huenda ikageuka umbea kisimani, au uchawi, au chuki. Shaka ya binti ilikuwa ya namna ya kwanza. Tulipoizima, zikaota za namna ya pili, mia.

NA IKIZIDI, NAYO NI MAUMIVU

Lakini tusije tukawadanganya kwamba baada ya hapo tulikuwa malaika. Mwaka 2018 tulikwenda upande wa pili. Tukawa tunashuku kila kitu. Mwenzetu mmoja, fundi cherehani, alichelewa marejesho wiki tatu. Hatukumuuliza, tulikwenda na kamati mpaka kwake, tukabeba cherehani kama katiba inavyoruhusu. Mumewe alikuwa kitandani, mgonjwa, anatutazama.

Sasa fundi bila cherehani atalipa na nini? Kwa miezi miwili hakulipa hata shilingi, na sisi tukasema, "Si mnaona? Tulijua." Tulikuwa tumeitengeneza sisi wenyewe ile hali, halafu tukaifanya ushahidi wa tabia yake. Tulipomrudishia cherehani yake alimaliza deni lote kwa msimu mmoja wa sare za shule. Alitusamehe, lakini alituambia neno ambalo hatujalisahau: "Mlikuja na mikono ya kubeba, hamkuja na mdomo wa kuuliza."

Basi shaka bila sikio ni ukatili. Mwenye shaka ya haki anauliza na kusubiri jibu.

TULIYOBADILISHA

Mwanzoni mwa mwaka ule ule wa 2018, kabla hatujamkosea fundi, tulikuwa tumekwenda kwa binti kuomba radhi. Tulikwenda sote, na unga, sukari na kitenge. Unga alipokea, kitenge alikataa. Alisema, "Sitaki zawadi. Nataka mseme pale pale mliponisemea." Tukaitisha mkutano, tukasema. Akarudi, akatoa masharti, na masharti yake yakaingia kwenye katiba yetu. Mwaka 2020, tulipojisajili kwa mujibu wa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vipengele hivyo vilikuwamo tayari.

Kwanza, fedha huhesabiwa kila wiki kwa sauti na watu wawili ambao si mweka hazina, hata kama mvua inanyesha.

Pili, ufunguo haupokelewi na mtunza ufunguo mwingine wala na mweka hazina. Ukisafiri, unamwachia mwanachama asiye kiongozi, na jina linaandikwa.

Tatu, kuna mlango wa mchana kwa shida ya usiku. Wale tisa hawakuwa watu wabaya. Walikwenda usiku kwa sababu katiba yetu haikuwa na njia nyingine. Mtoto mwenye degedege hawezi kusubiri mkutano wa Jumamosi. Sasa ipo sehemu ya mfuko wa jamii, hadi Sh. 50,000, inayotolewa siku hiyo hiyo watunza funguo watatu wakikutana, na inaandikwa. Tungekuwa na kipengele hicho mwaka 2017, Mama asingejaribiwa na huruma yake mwenyewe. Leo mnaona akina mama wangapi mitaani wanaoangamia kwa mikopo ya kausha damu, si kwa tamaa, bali kwa sababu siku ya shida hawakuwa na mlango wa kubisha.

Nne, na hili ndilo binti alilolisisitiza, kila mkutano una zamu ya shaka. Baada ya kuhesabu, kile kikundi cha watano chenye zamu lazima kiulize swali moja gumu. Hata kama hawana wasiwasi wowote, lazima waulize. Kwa hiyo anayeuliza haonekani adui wa mtu. Anafanya zamu yake tu, kama anayefagia uwanja.

Mnaweza kusema ni mchezo. Basi sikilizeni. Mwaka 2022 alifika kijana mmoja mtanashati, ana kishikwambi mkononi, akatushawishi tuweke fedha za kikundi kwenye mpango wake: weka laki moja, baada ya siku thelathini uvune laki mbili. Alikuwa na picha za watu waliovuna. Wengi wetu macho yalishang'aa. Wiki ile zamu ya shaka ilikuwa kwa kikundi cha wauza dagaa. Mmoja wao, mama asiyependa kuongea kabisa, akasimama kwa sababu tu ilikuwa zamu yake, akauliza, "Mwanangu, biashara inayozaa hiyo laki ya pili ni biashara gani?" Kijana akaeleza sana. Mama akarudia swali lile lile. Mara ya tatu kijana akaangalia saa.

Waliosahau tuwakumbushe: mwaka 2009 serikali yetu iliusimamisha mpango wa upatu wa DECI, ambao watu wengi sana nchini waliupandia mbegu kwa matumaini ya kuvuna. Waliopanda hawakuwa wajinga. Walimwona jirani amevuna, wakamwamini jirani. Mvunaji wa kwanza hulipwa kwa mbegu ya anayefuata, na imani husambaa haraka kuliko hesabu. Sisi hatuna akili kuliko wao. Tulikuwa na zamu tu.

MWISHO

Akina mama wenzetu, mtauliza, zile fedha zililipwa? Zililipwa. Wale tisa tulitaja madeni yetu yakafika Sh. 565,000, tukayamaliza kabla ya Pasaka. Ikabaki Sh. 75,000 ambayo hakuna aliyeitaja, na Mama alikataa katakata kumtaja mhusika. Aliuza mbuzi wake wawili akaijaza mwenyewe. Tulimkatalia, akatuambia, "Mimi ndiye niliyezitoa." Kwa hiyo deni lile si la kikundi tena, ni la Mama. Mpaka leo hatujui ni nani. Pengine alishahama mji. Pengine yupo hapa, ameketi kati yetu. Kama yupo, tunamwambia kwa upendo kwamba mlango wa mchana uko wazi, na Mama anaishi pale pale.

Kuhusu tabia, basi, tunasema hivi: tabia njema ni kitu cha thamani, lakini usiipe mzigo wa kazi ya kufuli. Ukimwamini mtu, msaidie abaki mwaminifu. Kuhusu imani tunasema: angalia imani yako inakupeleka kutafuta wapi, maana inaweza kukupitisha mbali na pale kitu kilipo. Na kuhusu shaka: iseme mapema, iseme kwa heshima, na ukimsikia mwenzako anaisema peke yake, usimwache peke yake.

Wengine hamjui, kwa hiyo tuwaambie. Yule mweka hazina aliyewasomea hesabu asubuhi, ambaye mlimpigia makofi, ndiye yule binti wa barafu za ubuyu. Na Mama tulimrudishia ufunguo mwaka 2019. Alituambia, "Mnipe mmoja, msinipe mitatu." Anao mpaka leo, kwenye pindo la kanga.

Kabla ya chakula, kwa idhini ya Mgeni Rasmi, watunza funguo watatu wataombwa kuja mbele. Sanduku litafunguliwa na fedha zitahesabiwa kwa sauti hapa hapa mbele yenu. Zamu ya shaka leo ni ya wageni. Tafadhali mtuulize.